Shahada Mbili

Ningesema "digrii" yasingetokea haya yote.

Siku ile nilikuwa nimetoka chuoni, pale Morogoro chini ya mlima, kuulizia jina langu. Karani wa dirishani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alipitisha kidole kwenye karatasi, akaniangalia, akasema, "Umepata. Sasa ni shahada, dada, siyo stashahada tena." Neno likanikaa mdomoni. Nilipofika sokoni nikamkuta Stambuli, dereva wa Hatibu, anafunga turubai tayari kupanda Mgeta, nami nikalitema lilivyo.

"Kaka Stambuli, ukifika Nyandira mwambie mama nimeshaamua. Nachukua shahada. Jumamosi napanda mwenyewe niwaeleze."

Stambuli aliiacha kamba. Mtu mzima yule, ndevu zimeshaingia mvi, alinitazama kwa macho yaliyolowa mpaka nikashangaa.

"Kweli, Paskalia?"

"Kweli."

"Umeamua mwenyewe? Hakuna aliyekushurutisha?"

"Mwenyewe kabisa."

"Mashallah! Mwenyezi Mungu akuzidishie, dada yangu, akuthibitishe hapo hapo."

"Amina," nikasema.

Nikaenda zangu, nikiwaza kwamba sikuwahi kujua kama Stambuli anaithamini elimu kiasi kile.

Nisilaumiwe sana. Akili yangu wakati ule haikuwa kali. Nilikuwa na stashahada ya kilimo, na nilikuwa bwana shamba. Ndiyo, hata sisi wanawake wakulima walituita mabwana shamba, na mimi nilikuwa nalipenda jina hilo. Kisha ulikuja ule wakati wa kupunguza watu, na ofisini kwetu walianza na sisi wa vyeti na stashahada. Nilikabidhi baiskeli na mabuti, nikatoka nje, nikasimama kivulini nikingoja kilio. Hakikuja. Kilichokuja ni ganzi, ile ya mguu ulioukalia, ila hii ilikuwa kifuani na haikutoka.

Hatibu alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa kijana wa Mikese, darasa la saba, mwenye lori moja kuukuu na maneno machache. Zilikuwa siku za ruksa, kila mwenye miguu anafanya biashara, na yeye alikuwa anapeleka kabichi, karoti na njegere zetu Kariakoo. Alisimama mbele yangu gulioni akasema, "Wewe kila mkulima wa huku anakuamini. Mimi nina gari. Tutatazamana hivi hivi mpaka lini?" Nikaanza kazi naye. Nikawa nakusanya mboga milimani, yeye anazishusha.

Mapenzi yalikuja bila kubisha hodi. Tukiwa ndani ya lori na baridi ya Mgeta imeingia dirishani, Hatibu alikuwa akivua sweta lake na kuliweka magotini pangu bila kunitazama, macho barabarani, kama vile sweta limejiendea lenyewe. Nikimtazama, anajifanya anasikiliza injini. Nikigeuka, nahisi macho yake shavuni kwangu. Kama kuna mtu aliyekaribia kuiondoa ile ganzi, ni yeye.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulizungumza. Mimi Mkatoliki wa Mgeta, nimebatizwa na kipaimara nimepata. Yeye Mwislamu, na mama yake ndiye anayewafundisha watoto wa mtaani Kurani barazani kwake. Tulilizunguka jambo hilo kama watu wanavyozunguka siafu njiani, kila mmoja anainua mguu na kupita.

Basi Jumamosi nikapanda mlima.

Nilipoingia kwa Mjomba Ignas nilijua kuna jambo. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Baba anaweza kukupenda mpaka akaugua, na wangu, Mungu amrehemu, alinipenda hivyo, lakini mjomba asipotikisa kichwa hakuna harusi wala hakuna safari. Siku hiyo mjomba alikuwa amevaa koti la kanisani, na Jumapili haijafika. Mama yangu, Eufrazia, alikaa mkekani, rozari mkononi, macho yamevimba. Kaka Geofrey, mtoto wa mama mkubwa, alikaa karibu na mlango anamenya viazi vya kuchemsha na kula bila kumkaribisha mtu. Huyo ndiye msomi wetu. Alipata digrii yake Dar es Salaam wakati ule ule ajira za serikali ziliposimama, na sasa anauza viatu vya mitumba sokoni Morogoro.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Hakuniuliza habari za mjini. Alikohoa, akatazama dari, akakohoa tena.

"Tumesikia kwamba unachukua shahada."

"Ndiyo, mjomba. Nilimtuma Stambuli makusudi, niwaandae."

"Basi tumeandaliwa. Mama yako hajala tangu juzi."

Nilimtazama mama. Nilitegemea ubishi, maana nilijua watanitolea mfano wa Geofrey, lakini sikudhani shule inaweza kumnyima mtu chakula.

"Najua ni jambo zito," nikasema. "Lakini nimelifikiria."

"Nani kakushawishi?"

"Hakuna mtu. Nimeitaka tangu zamani, hata nilipokuwa kazini."

"Tangu zamani!" Mama alijishika kichwa. "Na komunyo ulikuwa unapokea!"

Sikuona komunyo inaingiaje hapo. Nikadhani ni uchungu tu.

"Huyo Hatibu anasemaje?" mjomba akauliza.

"Sijamwambia bado. Naogopa ataumia."

Mjomba alimtazama Geofrey, kisha akanirudia. "Ataumia? Hatibu?"

"Si nitakuwa mbali naye, mjomba. Miaka mitatu."

"Mafundisho yenyewe miaka mitatu?"

"Mitatu, na mitihani kila mwisho wa mwaka."

"Hee!" Mjomba alijisogeza kitini. "Wenzetu wamekuwa wakali siku hizi."

"Na jina, mwanangu?" Sauti ya mama ilikuwa inakatika. "Jina la bibi yako unalitupa?"

"Nalitupa wapi, mama? Nitaandikishwa hili hili. Wametaka hata cheti cha ubatizo, nimeshawapelekea."

Mama alipiga yowe ambalo jirani yetu anadai alilisikia akiwa kwenye karoti zake ng'ambo ya bonde. "Kawapelekea ubatizo! Ignas, mtoto kawapelekea ubatizo wake!"

Hapo kiazi kilimpalia Geofrey. Alikohoa, akajipiga kifua, na nilipomtazama vizuri nikaona anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Paska," alisema alipopata pumzi, "hebu waambie. Shahada ipi?"

"Ya kilimo. Kwani ziko ngapi?"

"Ya kilimo," Geofrey akamwambia mjomba polepole. "Digrii, mjomba. Kama hii yangu mbovu. Ninyi mmeelewa ile ya msikitini. Mmedhani anasilimu ili aolewe na Hatibu."

Kuku aliingia, akatutazama, akatoka. Kisha mama alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyeteremshwa mzigo kichwani, akalalia ubavu pale pale mkekani na rozari yake. Mjomba alivua koti. Akahamia Kiluguru, kama kawaida yake akiona haya, akamsema Stambuli, akaisema redio, akawasema watu wote waliokuwa na neno zuri la digrii, linaloeleweka, wakaenda kutafuta jingine kwenye dini za watu.

Nilicheka nao kwa mdomo. Ndani hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeshaliona lililokuwa linakuja: kama Stambuli alielewa hivyo, basi na bosi wake, Hatibu, kamwambia hivyo hivyo.

"Sasa nisikilize," mjomba alisema akishajipangusa jasho. "Ungeniambia digrii tangu mwanzo, ningekukatalia. Mtazame huyu."

"Nitazamwe," Geofrey akasema.

"Digrii yake iko chini ya godoro, anailalia."

"Inanisaidia mgongo, mjomba."

"Lakini leo nimenusurika jambo kubwa, sina nguvu ya kukatalia jambo dogo. Nenda kasome, mpwa wangu. Jumatatu uwe chuoni. Na huyo kijana ni mwema, simsemi kwa ubaya, ila mwambie njia zenu zimeachana. Ile shahada nyingine, ukoo huu hauwezi."

"Asante, mjomba."

Hivyo ndivyo nilivyopewa ruhusa ya kwenda chuo kikuu: kwa sababu ilikuwa msiba mdogo kuliko mwingine. Mama alikuja kunikumbatia. Niliiweka mikono yangu mgongoni kwake, nikaona iko pale, wala sikuisikia.

Nilitoka nje kupata hewa. Geofrey akanifuata na sahani yake.

"Kaka, niambie kweli. Inafaa?"

"Kwa upande wa mkono kwenda kinywani? Mimi nakula kwa viatu vilivyovaliwa na Wazungu." Alitafuna kidogo. "Wakati wangu waliniahidi kazi, nilipomaliza ahadi ikawa imekwisha. Wewe hawajakuahidi kitu, kwa hiyo hawana cha kukudanganya."

"Basi niende kufanya nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi nilipelekwa, Paska. Nilifaulu, nikapelekwa, hakuna siku niliyoitaka. Wewe nimekusikia pale ndani, hata ulipodhani wanakugombeza, unasema umeitaka tangu zamani."

Kabla sijamjibu, honi ililia chini kwenye kona ya mwisho. Naijua honi ya Hatibu. Ina mafua.

Lori lilisimama pale njia ya magari inapoishia. Alishuka Stambuli na mfuko wa mchele wa Dakawa begani. Akafuata Hatibu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia, ameshika kifurushi cha karatasi ya kaki kwapani, na kwa mkono wa pili ameinyanyua kanzu isiguse matope. Sikuwahi kumwona amependeza vile.

Geofrey aliona uso wangu. "Nitawakaribisha chai," akasema. "Wewe mwahi."

Nilishuka kwa njia ya mkato katikati ya ngazi za mashamba ya njegere. Stambuli alinipita akicheka kwa uso mzima, "Hongera, shemeji, hongera sana!" akaendelea kupanda na mchele wake. Sikumzuia. Tukabaki mimi na Hatibu, na ukungu unaanza kushuka kutoka juu.

"Mbona unanitazama hivyo?" alisema. "Ni kanzu? Njia nzima nimejiona mjinga. Nani anavaa kanzu Mgeta?"

"Umependeza."

"Stambuli kaniambia." Alisema kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na mtu. "Ilikuwa zamu yangu ya usukani, tunaingia Mlali. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikakaa kando ya barabara."

"Ukafanya nini?"

"Nililia, Paska. Mwanaume mzima. Wapita njia wakadhani nimefiwa."

Hapo ndipo nilipaswa kuumia. Nilingoja maumivu kama unavyomngoja mtu aliyesema anakuja. Hayakuja.

"Kwa sababu mimi nisingethubutu kukuomba," akaendelea. "Kila siku nilikuwa nasema leo, nikikuona nanyamaza. Nikajua kwa mama yako na mjomba wako ni jambo kubwa. Halafu wewe mwenyewe, bila kuombwa... Mama alipoambiwa alisujudu pale pale barazani. Chumba kimeshapakwa chokaa. Na jina kashakupa."

"Jina gani?"

"Si ulilisema mwenyewe? Stambuli alipokuombea dua ulijibu 'Amina.' Mama kasema, basi kajichagulia, sisi ni nani tumbadilishie. Mtaa mzima Mikese sasa ni Amina anakuja, Amina anakuja."

Alifungua karatasi ya kaki. Ndani kulikuwa na mtandio mweupe, una maua madogo ya buluu pembeni. Aliushika kwa ncha za vidole maana mikono yake ilikuwa ya kazi, akauinua kunipimia usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama moja kwa moja, bila kujificha nyuma ya barabara wala injini. Nikayaona macho yake yote. Yalikuwa na furaha ambayo mimi ndiye niliyempa, na haikuwa yangu kumpa.

"Hatibu," nikasema. "Shahada niliyoisema ni ya chuo."

Aliendelea kuushika mtandio hewani.

"Ya chuo."

"Digrii ya kilimo. Nimepata nafasi. Jumatatu naripoti."

Aliushusha. Akaukunja polepole, akifuata mikunjo yake ya dukani, wa kwanza, wa pili, mpaka ukarudi umbo lake, akauweka kwenye karatasi.

"Ulijua Stambuli kaelewa vingine?"

"Nimejua leo, ndani kwa mjomba. Nao walielewa hivyo hivyo. Mama hajala tangu juzi."

"Mama yako hakula." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Na wangu kasujudu. Neno lile lile."

Ukungu ulifika kwenye njegere za juu, ukazifunika.

"Miaka mingapi?" akauliza.

"Mitatu."

"Paska, miaka mitatu kwenye biashara hii ni maisha. Sasa ndiyo njia imefunguka. Kuna lori la pili nimeshaliangalia. Wewe huku, mimi Kariakoo, baada ya miaka mitatu tutakuwa watu wengine. Hiyo digrii itakupa nini? Kaka yako anayo, anauza viatu."

"Najua."

"Na hayo masomo yako ya kwanza yalikupa nini? Si ndiyo hao waliokupunguza?"

"Walinipunguza kwa sababu yalikuwa madogo. Wenye shahada walibaki."

"Mwaka ule. Mwaka huu na hao wanapunguzwa."

"Najua, Hatibu. Sisemi nitapata kazi. Labda nitakuja kuuza viatu pembeni ya Geofrey."

"Basi sasa?"

Ni vigumu kumweleza mtu unachokitaka wakati kifua chako kimelala.

"Nikiwa na wewe nina kazi," nilisema. "Lakini lori ni lako. Wateja ni wako. Siku tukigombana nashuka kwenye lori na kapu langu. Nimeshashushwa mara moja, sitaki kushushwa tena. Nataka kitu ambacho hata wakinishusha nashuka nacho."

"Utakuwa mke wangu. Nani atamshusha mke wangu?"

"Mke si kazi, Hatibu."

Nilisema bila hasira, na labda hilo ndilo lililomkata zaidi. Aligeuka akatazama bondeni. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ingekuwa ile nyingine. Ile niliyoidhania. Ungeichukua?"

"Hukuniuliza."

"Niliogopa ungekataa."

"Na mimi niliogopa ungeuliza."

"Nakuuliza sasa."

Nilimfikiria mama na yowe lake, na mjomba aliyevua koti kwa furaha. Nikamfikiria na yule mwanamke wa Mikese ambaye sijamwona vizuri hata siku moja, aliyenipakia chokaa chumba.

"Sijui," nikasema. "Ningekwambia ndiyo, ningekuwa nasema kwa sababu umelia Mlali. Mtu haendi kwa Mungu kwa sababu hiyo. Mama yako angeijua siku ya kwanza."

Hatibu alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu mkweli, akisikia ukweli anautambua hata ukimpiga.

"Kwani huwezi kusoma na mimi nipo?" aliuliza. "Morogoro si mbali. Nikipita na gari nakuletea njegere. Tukangoja, tukazungumza na wazee taratibu."

"Utangoja?"

Alivua kofia, akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

"Si kungoja ninakokuogopa," alisema mwisho. "Naogopa siku ya kumaliza. Utakaa na watu wanaojua vitabu. Watakuja nyumbani mtazungumza Kizungu, mimi nitakuwa nimekaa pembeni natabasamu kama mgeni kwenye harusi ya watu. Mimi ni darasa la saba, Paska. Niambie sasa hivi, nikusikie. Ukirudi na hiyo shahada, utanitaka?"

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Nitakutaka. Nilikuwa nalo. Nilimpenda Hatibu, na nilimpenda hata pale, na kanzu yake imeshashika matope upindoni. Nililisukuma neno lile litoke. Lakini tangu siku niliyokabidhi baiskeli hakuna kitu nilichokuwa nakiamini kuhusu kesho, na ile ganzi ikanishika ulimi pia. Alinitazama mdomoni. Aliona umefunguka. Akaona umefungwa.

"Haya," alisema.

"Hatibu, si kwamba..."

"Haya, Paska. Usiseme la kunipoza. Umenizoesha ukweli."

Alivaa kofia yake, akaiweka sawa. Kisha akanipa kile kifurushi.

"Huu siwezi kurudi nao. Mama atauona."

"Utamwambia nini?"

"Sijui nitamwambia nini. Ameshaanza kukuita."

"Mwambie nimechukua shahada," nikasema.

Alinitazama kuona kama namtania. Sikuwa namtania.

"Nayo ni kweli," akajibu.

Stambuli alikuwa anashuka kutoka kwa mjomba, mikono mitupu, kichwa chini, hatazami mtu. Geofrey alikuwa amemweleza. Aliponifikia alisimama, mzee wa watu.

"Nisamehe, dada Paskalia. Mimi na masikio yangu."

"Si kosa lako, kaka. Masikio yako yalisikia sawasawa."

Wakashuka. Nilibaki palepale kwenye njegere, kifurushi kifuani. Nilisikia mlango wa dereva unafungwa. Mlango wa pili haukufungwa. Ukungu ulikuwa umeshaniziba, nisione lori wala kanzu, nyeupe imeingia ndani ya nyeupe. Nilijiambia hivyo ndivyo ilivyo, kesho kanisani, Jumatatu chuoni. Nilijiambia kwa sauti tulivu kabisa, nikageuka nipande kwa mjomba, ambako walikuwa wameshawasha moto na mama anakula.

Ndipo kutoka chini akaita. Hakuita kwa nguvu, hakuwa ananirudisha. Aliita kama mtu anayetaka kulisikia neno mara moja tu kabla hajaliacha.

"Amina!"

Sikuwahi kuitwa jina hilo na mtu yeyote. Sikuwa nimelikubali, na sasa sikuwa na haki nalo.

"Abee!" nikaitika.

Mlango wa pili ukafungwa. Injini ikakohoa, ikashika. Lori lilipoanza kushuka kona ya kwanza, kitu kiliachia kifuani kwangu, kikauma kama mguu unavyouma damu inaporudi, nikakaa chini kwenye matope ya Mgeta nikalia kwa sauti, na mtandio bado uko kwenye karatasi yake.

Jumatatu nilikwenda.